Kabla ya Dirisha Kufunguliwa

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Maabara ya Wanyama.
Jumapili, tarehe 17.

Mpendwa mdogo wangu, mama Chiriku,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha nawasalimu wote watakaoketi kuisikiliza barua hii, kwa kuwa umenieleza kwamba itasomwa mbele ya kikao. Wakubwa, shikamooni; wadogo nawaitikia marahaba hata kabla hawajaniamkia. Hujambo? Mgongo wako umepata nafuu? Chiriku analala bila kukatizwa na kikohozi? Nami ni mzima, ila nimechoka, na uchovu wenyewe hauondoki kwa kulala. Ni wa mtu ambaye kazi yake ni kutazama viumbe wadogo wakihangaika na pumzi.

Ombi lako nimelielewa. Mama mkwe wako anaamini kwamba mtoto alipatwa na kifua kwa sababu ulimlaza karibu na dirisha lililo wazi alipokuwa mchanga. Sasa kikao kitaamua kama Chiriku abaki kwako au ahamie kwa bibi yake. Simwoni mama mkwe wako kuwa adui. Anampenda mjukuu wake, na kikohozi kile kimemkosesha raha. Ilikuwa lazima atafute wa kulaumiwa. Hata sisi tuvaao makoti meupe tulimtafuta wetu.

Wanakikao, hapa tunafuga panya waliozaliwa na ugonjwa huohuo wa Chiriku, huo wa makohozi mazito yanayoganda kifuani, ambao madaktari huuita sistiki faibrosisi. Panya tunamweka ndani ya sanduku la kioo lililozibwa. Kila anapovuta na kutoa pumzi, hewa ya humo hutikisika kidogo, na mtambo huchora mawimbi. Mawimbi hayo hutuonyesha jinsi mapafu yanavyofanya kazi, na jinsi ubongo unavyoyaamuru kwenda pole au haraka.

Mwaka jana panya wetu wagonjwa walianza kupumua pumzi fupi za papara, na tulipowabadilishia hewa hawakuitikia kama tulivyotazamia. Mkuu wetu, mama msomi lakini mwepesi wa hasira, alimshukia mlishaji, mzee tunayemwita Pamba kwa vile haachi kuziba masikio yake kwa pamba.

“Mzee, umewatandikia nini wanyama wangu? Vumbi la maranda yako limewaharibu vifua!”

“Mama, vumbi hilo nalivuta mimi tangu asubuhi. Mbona mimi sichorwi mawimbi?”

“Hebu toa hizo pamba tuongee!”

“Nikizitoa nitasikia, Mama. Na nikisikia, nitajibu.”

Tulicheka, lakini hatukumtetea. Tulibadilisha maranda, tukaziba madirisha, tukaongeza joto, na mwishowe mzee akahamishiwa stoo kupanga chupa. Mawimbi yalibaki yaleyale.

Hapo ndipo tulipofanya jambo ambalo tungepaswa kuanza nalo: tuliwapima wachanga mara tu walipozaliwa, kabla hawajagusa maranda, kabla kohozi halijajaa, kabla mtu hajafungua dirisha lolote. Waliorithi ugonjwa walikuwa tayari wanapumua tofauti na ndugu zao wa tumbo moja. Mkuu alikwenda stoo mwenyewe kumrudisha mzee. Samahani haikumtoka mdomoni, ila ndoo ya Pamba aliibeba yeye, njia nzima.

Panya si mtoto, na maabara yetu haijamaliza maswali yote. Hata dawa tunayoijaribu sasa haijatupa la kujivunia, na wengi wa wanyama hao watabaki kwetu kama mawimbi kwenye karatasi tu. Lakini hili daktari yeyote atawathibitishia: ugonjwa huu hauingii kwa dirisha. Hurithiwa, na mtoto huupata pale tu baba na mama wanapompa, kila mmoja chembe yake ya urithi yenye kasoro, bila wao kujua wala kuumwa. Mimi nimepimwa, nikakutwa nayo moja. Kwa hiyo ugonjwa umetoka kwetu. Na, niwie radhi Mama, bibi yake Chiriku, umetoka na kwenu.

Sikuyaandika haya ili upande mmoja utoke kifua mbele. Shemeji yuko safarini kikazi, na mdogo wangu asubuhi na jioni yuko peke yake, amekunja kiganja kama anayechota maji, anampigapiga mtoto mgongoni mpaka kohozi lilegee. Mtoto analia, mama naye analia. Ombi langu kwenu ni moja: msimhamishe mtoto, hamisheni mikono. Mama, wewe uliyelea wengi, zamu ya jioni ichukue wewe. Na yeyote atakayetaka kusema neno juu ya dirisha, kwanza aketi nyuma ya Chiriku, akunje kiganja, ampigepige hadi kohozi litoke. Kisha ainuke aseme.

Msalimie shemeji akirudi, baba mkwe wako mwenye kikao, na yule jirani yako fundi cherehani anayekushikia mtoto ukienda sokoni. Mama yetu mwambie goti langu halijambo, asinitumie dawa nyingine ya kuchua. Ya kwanza iliwakimbiza hata panya.

Mungu awarefushie pumzi nyote mtakaoisikia barua hii, na Chiriku amrefushie zaidi.

Kikao kikimalizika, mbusu kwenye paji la uso. Utaonja ile chumvi uliyoniandikia kwamba unaionja kila ukimbusu, tangu siku zake za kwanza. Ndiyo alama ya ugonjwa wenyewe, iliyokuwamo jashoni mwake kabla ya upepo wowote. Kisha mpe na bibi yake ambusu. Chumvi hiyo ni ya pande zote mbili.

Wako akupendaye hata akichoka,
Kaka yako, mpima pumzi.