Nimemzika Mama Kwenye Barua ya Udaktari

Dada Praxeda, shikamoo, ninusuru kabla ya Ijumaa. Mimi ni muuguzi wa zahanati moja karibu na Maramba, nimeomba kusomea udaktari, na chuo kinataka kufikia Ijumaa nitume ukurasa mmoja nieleze kwa nini nautaka, nami nikakaa siku tatu kalamu haiendi, mwishowe binamu yangu Sele akaniambia, "Bila msiba hawakusomi hao," basi nikaandika kwamba mama alifia mikononi mwangu kwa kukosa daktari, nikalia mwenyewe kwa utamu wa maneno, kumbe mama yu mzima, anauza vitumbua Usagara, nilipokwenda kumtembelea nikaisahau karatasi mezani, akaisoma yote, akaniuliza, "Mwatumu, nimezikwa wapi?" na tangu hapo nikimwamkia anaitika, "Marahaba, yatima." Sele anasema niitume hivyo hivyo, nani atajua? Nami nikiutoa msiba sina kitu, kubwa nililofanya ni kumfuata nyumbani mzee mmoja aliyeacha dawa za shinikizo la damu, nikaongea naye Kidigo, kumbe alikuwa akizinywa siku kichwa kikimuuma tu, nikamwelewesha, sasa haachi, ila aliniuliza mbona shinikizo linaharibu hadi figo, nikakosa jibu, na swali lile halijaniacha mpaka leo. Hilo nalo ni la kuandika?
Mwatumu

Marahaba, Mwatumu. Nimecheka, kisha nikakukasirikia. Mama amekulea kwa moto na mafuta, wewe unamfukia kwa wino! Na wakikuita kwenye usaili wakakupa pole, utaitikia? Daktari huaminiwa kwa anachoandika kwenye faili la mgonjwa. Usianze kazi kwa uongo.

Ichane. Nenda kwa mama leo, umwombe radhi kwa mdomo wako, si kwa simu.

Kisha kaa uandike habari za huyo mzee. Anzia mlangoni kwake: alisema nini, wewe ulijibu nini. Jina lake usilitaje, hiyo ni siri ya mgonjwa. Fika kwenye swali la figo na ukiri kwamba hukujua. Hapo hapo, mwanangu, ndipo penye sababu yako ya kusoma. Wewe umepaita si kitu! Maneno ya "tangu utotoni nilipenda kusaidia watu" yaache, kila mwombaji anayo. Mpe mganga mfawidhi wa zahanati yenu aisome, Sele apumzike.

Itume Alhamisi. Ijumaa mtandao huelemewa na waliochelewa.