Seva Iliyosalimia Kila Mara

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa Shinyanga. Bibi yako mzima, na yule mtamba wetu amezaa.

Unauliza kama ununue seva kubwa zaidi, maana programu yako ya lugha ya Perl inakwenda polepole. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilitunza seva ya mnunuzi wa pamba. Kurasa za risiti zilikawia, wakulima wakisubiri uwanjani juani, na bosi alitaka kuagiza mashine mpya. Kila ukurasa ulipofunguliwa, Perl iliamshwa upya, ikaunganishwa na hifadhidata upya.

Asubuhi moja mpishi wetu, Mama Kulwa, akaingia tena na birika. Sisi Wasukuma tukaanza tena: mwangaluka, za nyumbani, ng'ombe wazima? Akasema, "Tumeshaamkiana. Chai inapoa."

Wenzangu wakacheka. Mimi nikarudi kwenye mipangilio, nikaiacha Perl ikae macho ndani ya seva, na hifadhidata iunganishwe mara moja tu. Kufika adhuhuri uwanja ulikuwa mtupu.

Basi tazama kwanza programu yako inasalimia mara ngapi. Ila ukinipigia mimi, anza salamu upya kila siku. Mimi sina foleni.

Babu yako, Masanja