Mkebe wa githeri wa Jamleck

Sue, uko? Jamleck wetu nusura afutwe kazi saa hii.

Si unajua lile sanduku letu la kunyunyizia bolti zilizopakwa zinki maji ya chumvi, tuone kama zitashika kutu? Ndani huwa na joto. Ijumaa akaweka humo mkebe wa githeri, mahindi na maharagwe yake ya lunch, ipate moto, akaisahau.

Leo mdosi, Surjit, akalifungua mbele ya mteja. Bolti zinang'aa. Katikati, mkebe mwekundu kwa kutu.

Mkebe, Sue. Na kijiko.

"Huu ni wa nani?" Surjit akauliza.

Jamleck akainua mkono. "Ni wangu, boss."

Mteja akacheka mpaka akashika meza. "Mkebe umeoza hivi na bolti ziko sawa? Nachukua zote."

Surjit amemwambia Jamleck kesho alete mkebe mwingine wa kuonyesha wateja. Jamleck anauliza kama aulete na githeri ndani.