Riziki Amerudi Kazini

Goma, Alhamisi jioni. Mvua imekatika saa kumi, na mawe meusi ya barabara yetu yanatoa mvuke kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Nimekaa mlangoni na simu mkononi. Hata viatu vya kazi sijavivua.

Nataka kuandika kabla sijaanza kujitetea.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni mkunga, na ndiye mkubwa wa maternite, wodi ya kuzalia, katika kituo kimoja cha afya hapa mtaa wa Mapendo. Kazini wananiita Mama Shefu. Nimepokea watoto wa watu kwa miaka mingi, mpaka siku hizi ninapokea watoto wa wale niliowapokea. Nilidhani katika mambo ya kuzaa na kunyonyesha hakuna tena cha kunishangaza. Leo nimeshangaa kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Jumatatu Riziki alirudi.

Riziki ni mkunga mdogo kuliko sisi wote, na mikono yake ni mizuri kuliko ya sisi wote, hata yangu. Konje yake, likizo ya uzazi, imekwisha. Mtoto wake wa kwanza, msichana, anaitwa Asifiwe. Ana miezi miwili na nusu. Riziki aliingia ofisini mwangu na blausi yake nyeupe ya zamani, sasa inambana kifuani, akaomba kitu kimoja. Alitaka mahali. Kona tu, na nusu saa mara mbili kwa siku, ili mama mkwe wake amletee mtoto anyonye. Hiyo nusu saa sheria inampa, na wote tunaijua. Kilichokosekana ni pa kukaa.

Nilimjibu, "Tutaona."

Wanaonijua wanajua kwamba "tutaona" yangu ni hapana.

Kisha nikaongeza maneno ambayo leo yananichoma. Nilimwambia, "Sisi wote tulizaa, Riziki. Na kazi tulifanya." Hakubisha. Alisema tu, "Ndiyo, Mama Shefu," akafunga kitambaa kichwani na kwenda kuosha mikono.

Niseme ukweli kuhusu hayo maneno. Nilipomzaa mwanangu wa kwanza, nilikuwa kijana na kazi nilikuwa nimeipata juzi tu. Wakubwa wangu waliniambia nafasi haimngojei mtu. Nilimpeleka mtoto kwa mama yangu, nikajifunga kifua kwa kipande cha kitenge, nikakaza mpaka kupumua kukawa kazi. Kwa siku tano nilikuwa na homa. Siku ya nane maziwa yalikauka. Mtoto alilelewa kwa uji na maziwa ya ng'ombe, akakua, leo ni mwanaume mwenye ndevu. Hadithi hiyo nimewasimulia wakunga vijana mara nyingi, kila mara nikiisimulia kama ushujaa.

Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nililia.

Basi Jumanne, saa nne asubuhi, nilichungulia dirishani nikamwona Riziki nyuma ya ukuta wa kituo, upande wa jalala. Mama mkwe wake alikuwa ametoka Mabanga kwa miguu na mtoto mgongoni. Riziki alikuwa amesimama. Alinyonyesha amesimama, mgongo kwenye ukuta, mama mkwe akishika kitenge mbele yao kama pazia. Gari lilipopita na kutimua vumbi, alimfunika mtoto uso kwa kiganja. Baada ya dakika kumi na tano alikuwa ndani tena, anapima tumbo la mama mjamzito.

Niliona yote hayo. Nikashusha pazia.

Na ukutani, nyuma ya kiti changu, kuna picha kubwa ya mama ananyonyesha, chini yake imeandikwa kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Kila asubuhi tunawasimamisha akina mama mbele ya picha hiyo na kuwafundisha. Mimi ndiye ninayefundisha. Sauti yangu husikika hadi barabarani.

Sasa nifike leo.

Kabla ya saa tatu alifika mama mmoja, nimwite Denise, ingawa si jina lake. Ana miaka ishirini hivi, ni wa Kalengera, na alikuja Goma kujifungulia kwa dada yake. Ilikuwa mimba ya kwanza, na alifika akiwa tayari kusukuma. Riziki alimpokea. Mtoto alitoka vizuri, mvulana, akalia palepale, na dada mtu akampokea kwenye kitenge kipya. Kondo la nyuma nalo likatoka. Nilikuwa nikiandika saa kwenye karatasi niliposikia Riziki akiniita kwa sauti ya chini kabisa.

Wakunga wanajua sauti hiyo. Mkunga anayeogopa kweli hapigi kelele.

Damu ilikuwa inamwagika kama mtu amefungua bomba. Kizazi kilikuwa kimelegea, hakikazi. Nilikimbilia maji ya serumu na dawa ya kukikaza, nikatafuta mshipa, mkono wa Denise ukiwa umeshaanza kuwa baridi. Riziki hakungoja. Alivaa glavu ndefu, akaingiza mkono mmoja ndani, mwingine akauweka juu ya tumbo, akakikandamiza kizazi katikati ya mikono yake miwili. Akakaa hivyo. Nilimtazama usoni. Macho ameyafumba, kama mtu anayesikiliza.

Damu ikapungua. Haikukata, ila ilipungua.

Ndipo tukamsikia Asifiwe.

Ilikuwa saa nne. Mama mkwe alikuwa amengoja nyuma ya ukuta, mvua ikaanza, na kwa kuwa Riziki hakutokea, akaingia na mtoto hadi kwenye korido. Mtoto alikuwa analia kile kilio cha njaa kisicho na mapumziko. Mlango wetu ni mwembamba. Alikuwa kama analia ndani ya chumba.

Niliona blausi ya Riziki ikilowa. Kwanza alama mbili ndogo, kisha zikapanuka, zikaungana, zikashuka hadi kiunoni. Maziwa yalikuwa yanadondoka kwenye aproni, na kutoka kwenye aproni hadi sakafuni, karibu na damu ya mwanamke mwingine. Mikono yake haikutikisika. Mwili wake wa juu ulikuwa unamjibu mtoto wake, na mikono yake ilikuwa imemshika mama wa mtoto mwingine asiondoke duniani.

Sijawahi kuona kitu kama hicho. Nina miaka hamsini na tatu.

Nilimwambia, "Niachie mimi. Nenda."

Alitikisa kichwa. "Mama Shefu, siwezi ondoa mukono. Nimeshapata nafasi yake. Nikiondoa, damu itarudia."

Alikuwa sahihi. Mimi ningesema vivyo hivyo.

"Maziwa iko mu depo," akasema, bado macho ameyafumba. "Nyuma ya makarto. Iko mu gobele, nimeifunika na sahani. Nilikamua saa mbili. Umupatie na gobele, hapana biberon. Usimumiminie. Umugusishe tu ku mudomo, atakunywa yeye mwenyewe."

Nilihakikisha serumu inashuka sawasawa, nikamwita muuguzi wa zamu asimame kando ya Riziki, nikatoka.

Depo yetu ni chumba kidogo cha kutupia vitu: vitanda vilivyovunjika miguu, rejista za zamani, makarto, yaani maboksi ya dawa yaliyo matupu. Nyuma ya makarto nilikuta debe limegeuzwa juu chini, limetandikwa kitambaa safi. Hapo ndipo alipokuwa akikaa kukamua. Kikombe kilikuwa juu ya rafu, kimefunikwa, na nilipokinyanyua kilikuwa bado na uvuguvugu kidogo. Maziwa yalikuwa yamejaa nusu. Kwa mtu asiyejua ni kidogo. Kwa anayejua kukamua kwa mkono, gizani, kwa haraka, akisikiliza kama mlango unafunguliwa, ni mengi mno.

Mama mkwe alinipa mtoto. Alikuwa amelowa mabega. Kisha akasema, "Analia tangu ku njia. Nilimuimbia nyimbo zote zenye najua."

Nilikaa kwenye benchi la korido na Asifiwe mapajani. Kunywesha kwa kikombe badala ya chupa huwa nawafundisha wengine. Natumia kikombe kitupu na mdoli wa plastiki. Sikumbuki mara ya mwisho nilipofanya na mtoto hai, mwenye hasira, anayenipiga kifuani kwa ngumi ndogo. Niliweka ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini. Alinyamaza. Akafungua macho, akanitazama, akatoa ulimi na kuonja. Akaonja tena. Akaanza kulamba, kidogo kidogo, kwa mpango wake mwenyewe, akipumzika anapotaka, mkono wake mmoja umeshika kidole changu kama vile anasema nisiongeze mwendo.

Nilikuwa nimesahau kwamba watoto wanajua kipimo chao. Hawana hata miezi mitatu, na wanajua.

Sijui machozi yangu yalianza saa ngapi. Mama mkwe alijifanya anatazama mvua.

Karibu saa nzima ilipita ndipo mlango ukafunguliwa. Damu ilikuwa imekata. Kizazi kilikuwa kimekaza kama jiwe, ndivyo tunavyotaka. Denise alikuwa anauliza kama mtoto wake ana vidole vyote, na mtu anayeuliza hivyo anabaki hai. Riziki alitoka akitembea kama mzee, mkono wa kulia umeganda, vidole havikunjuki. Alinawa, akabadili blausi, akaja kusimama mbele yangu. Asifiwe alikuwa amelala kifuani mwangu, mdomo wazi, tone moja la maziwa kidevuni.

Nilitaka kumwomba msamaha na sikujua pa kuanzia. Nikamwambia, "Alikunywa yote."

Riziki akacheka kidogo, kicheko cha uchovu. "Huyo ni mulafi."

Nikamwambia, "Njoo ofisini. Ukae kwenye kiti changu. Utoke utakapomaliza." Alinitazama kidogo kuona kama nasema kweli. Kisha akamchukua mtoto, akaingia. Nikafunga mlango kutoka nje, nikasimama hapo kama mlinzi.

Mchana nilimwita Mama Sifa tuhamishe vitu vya depo. Mama Sifa ndiye mama wa usafi, mtu wa maneno machache, yuko nasi kwa miaka sita. Tulitoa vitanda vibovu tukavipanga uani chini ya bati. Tulitoa rejista, makarto, buibui na mayai yake. Tulipiga deki mara mbili. Nilileta kiti chenye mikono kutoka ofisini mwangu na meza ndogo. Mama Sifa alitafuta pazia, akapanda juu ya ndoo kulifunga. Chumba kilikuwa kizuri. Nilijisikia mwema, nakiri. Nikasema kwa sauti, nikijisifu, kwamba sasa wakunga wangu watakuwa na mahali.

Mama Sifa aliendelea kufunga pazia. Alikuwa bado juu ya ndoo, mgongo amenipa.

Ndipo nikakumbuka kwamba mwaka jana yeye pia alizaa.

Nilimuuliza, "Mama Sifa, wewe ulikuwa ukikamulia wapi?"

"Mu choo."

"Na maziwa?"

"Nilikuwa namwaga." Alishuka polepole, akasawazisha pazia kwa kiganja. "Mu choo hakuna fasi ya kuweka kikombe, Mama Shefu. Na mutu hawezi peleka mutoto maziwa ya kutoka mu choo. Miezi ine nilimwaga. Kisha ikakauka."

Nilikaa kwenye kile kiti. Choo anachosafisha yeye mwenyewe, hatua ishirini kutoka ofisini kwangu na ile picha ukutani. Nilimuuliza swali la kijinga, swali la wakubwa wote. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

Hakunijibu kwa hasira. Ningependa angekasirika.

"Haukuniulizaka," alisema, akachukua ndoo yake akatoka.

Sasa mvua imeanza upya, nyembamba. Ninajaribu kuwaza mwanamke anayepiga deki sakafu yetu asubuhi nzima na kifua kinachouma, kisha anaingia chooni kumwaga chakula cha mtoto wake, ananawa, anarudi kwenye deki, na mimi napita nikimwambia habari za asubuhi. Anaitikia vizuri. Miezi minne aliitikia vizuri. Nimemstaajabia Riziki leo mbele ya watu wote. Mama Sifa alifanya lake bila hata mtu mmoja wa kumtazama, na sina neno la kuliita.

Kituo chetu kina wanawake tisa. Nawafahamu majina, zamu zao, nani anachelewa na nani anapenda kubishana. Ambacho sikijui ni nini kila mmoja wao aliacha mlangoni ili aingie kazini.

Kesho nitafika mapema. Nitawauliza mmoja mmoja, nikianza na wale ambao hawajawahi kuniomba kitu. Majibu nayaogopa.

Nitauliza hata hivyo.