Ngozi ya Kubebea Mtoto

Geita, Agosti 1954

Dada yangu mpenzi Melania,

Shikamoo dada. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba mama yetu, mayu, bado anatoka mwenyewe kuota jua. Je, pamba mmemaliza kuchuma? Yule ng'ombe mwekundu alizaa salama? Mimi nipo, napumua. Habari ya afya yangu nitaifikia, usiruke mistari kuitafuta.

Ngozi ya kubebea mtoto uliyompa dereva wa lori imefika. Umeilainisha vizuri kwa samli, hata chumba kizima kinanukia nyumbani. Mume wangu Masele aliishika akacheka peke yake. Asante dada. Ila soma mpaka mwisho kabla hujamwambia mtu mwingine lolote.

Kazi yetu ni ileile. Wanaume wanachimba, sisi tunabeba maji kwa madebe kutoka mtoni mpaka mdomoni mwa shimo, wanakooshea mawe yaliyopondwa. Shingo yangu imekuwa fupi. Na hapa kuna sharti kwamba mwanamke aliye mwezini hasogei shimoni, dhahabu isije ikakimbia. Siku hizo anapelekwa kukata kuni. Kwa hiyo kambi nzima inazijua siku za kila mwanamke. Nyapara Kalisti akikukosa anauliza tu, yuko kuni? Basi, yamekwisha.

Sasa Bhoke. Masele alipomwoa nilikuandikia habari zake kwa heshima, leo nasema kweli. Simpendi. Ana kiuno chembamba, na akipita na debe kichwani maji hayamwagiki. Ananiita dada, ananipigia magoti. Afadhali angenitukana, ningepata pa kuanzia. Siku za zamu yake Masele hunyoa ndevu. Zamu yangu anakuja nazo.

Mwaka jana siku zangu zilianza kuruka, kisha zikakoma. Sikumwambia mtu. Kila mwezi nilikwenda kwenye kuni kama kawaida, nikakaa huko na kitambaa kisicho na kazi, ili Bhoke asijue kwamba uzazi umebaki kwake peke yake. Wakati huohuo likaanza joto. Nipo njiani na debe, mara moto unanipanda kutoka kifuani mpaka masikioni, nalowa kama niliyemwagiwa. Wenzangu walinicheka wakasema mama huyu anabeba maji ndani na nje. Nililisingizia jua, hata siku za mawingu.

Halafu tumbo likaanza kutoka. Nikawa na kiu isiyokatika, na mkojo kila mara. Nilijiambia, labda. Wapo waliozaa na mvi. Nikaacha kwenda kwenye kuni. Sikusema neno, nilikwenda tu shimoni kila siku, mwezi huu na ule, watu wakahesabu wenyewe. Masele akarudi kwangu amenyoa. Akaagiza samaki sato kutoka Nkome, akaninunulia sukari, nikawa nakunywa uji mtamu asubuhi na jioni. Bhoke akabeba madebe yangu pamoja na yake. Nilikaa namtazama anavyotoka jasho, nikafurahi. Hapo ndipo nilipokuandikia kwamba nina mimba.

Siku moja Bhoke alinifuata nyuma ya nyumba, akapiga magoti, akasema sisimizi wamejaa mahali ninapokojoa. Alisema mama yake alikuwa hivyohivyo, alikunywa maji mpaka akafa na kiu yake. Akanisihi niende kwa Sista wa dispensari. Nilimsikia vizuri, lakini wivu ndio uliomjibu. Nilikwenda kwa Masele nikamwambia mke wako mdogo anachungulia mkojo wangu, anataka kuiloga mimba yangu. Unajua neno kama hilo linavyoshika huku. Masele hakuuliza mara mbili. Akamwambia afunge mizigo, lori likipatikana arudi kwao Musoma.

Bhoke hakulia. Alisema sawa, ila dada aende kwa Sista hata kama yeye hayupo.

Nikaenda. Sista aliuchanganya mkojo wangu na dawa ya buluu katika kichupa, akakichemsha. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa nyekundu kama tofali. Akanipapasa tumbo, akasema mama, hapa hakuna mtoto. Siku zangu zimekoma kama zinavyowakoma wanawake wote, na lile joto linatokana na hilo, si ugonjwa. Lakini sukari imezidi mwilini, na katika umri huu mwanamke hunenepa tumboni upesi na sukari humwingia kwa urahisi. Akanikataza uji mtamu, pombe na michembe ya viazi. Nile mboga ya mlenda, maharage na samaki, ugali kidogo, na nisikubali tena kubebewa madebe. Nirudi kila mwezi achemshe tena. Nilitoka pale na hasira, wala si ya ugonjwa. Bhoke alikuwa amesema kweli, na kiuno chake bado anacho.

Na kuna jambo nililolijua mimi tu. Kwa wivu wangu nazijua siku za Bhoke kuliko anavyozijua mwenyewe. Hajakwenda kwenye kuni mwezi huu wala uliopita. Watu hawakuona, macho yote yalikuwa kwangu. Angepanda lori na mtoto wa Masele, mimi nikabaki na tumbo la uji.

Alhamisi lilifunguliwa shimo jipya. Kabla ya sururu ya kwanza hunyunyizwa maji ya unga wa mtama, na anayenyunyiza lazima awe mwanamke ambaye siku zake zimekwisha. Bibi anayeletwa kutoka Kharumwa alikuwa mgonjwa. Kalisti akauliza nani anamjua bibi mwingine. Nikatoka katikati ya wanawake, nikachukua kibuyu, nikanyunyiza. Kalisti alitazama tumbo langu, akatazama kibuyu, akavua kofia. Masele alitazama chini.

Jioni nilimweleza yote, na kwamba hapakuwa na mimba ya kulogwa. Aliuliza kama nimeshakula. Kisha akaenda kumwambia Bhoke afungue mizigo. Kesho yake alinyoa, sijui kwa ajili ya nani.

Usidhani wivu umeniisha. Bhoke ananipikia mlenda, anasimama mpaka nimalize, nami nautamani uwe mbaya nimkaripie. Habari yake hajaisema, sitamsemea. Madebe yangu nayabeba mwenyewe.

Mweleze mayu taratibu. Michembe usitume tena, tuma mlenda mkavu. Msalimie shemeji na watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Ngozi usiidai. Nimeikunja juu ya kigoda changu, ndiyo niliyoikalia ninapoandika. Najua itambeba mtoto wa Bhoke. Nitampa, lakini si wiki hii.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Paskazia