Kadi ya Binamu Marehemu

Jumapili, baada ya alasiri. Mvua imeanza toka alfajiri na haina dalili ya kukoma. Mtaro wa mbele umefurika, na nguo zangu za kazi zinatona maji kwenye kamba niliyoifunga ukumbini.

Sina raha. Niseme tu ukweli, sina raha tangu Alhamisi tulipomsomea binamu yangu Abuu arobaini yake.

Leo nilitakiwa nimalize mizani. Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza: mimi na rafiki yangu Neema tunatengeneza mchezo wa kadi unaoitwa Mtaa kwa Mtaa. Kadi zenyewe ni watu wa hapahapa Tanga: Fundi Baiskeli, Muuza Mihogo, Mama Mwenye Nyumba. Zinauzwa saba saba ndani ya pakiti iliyofungwa, hujui utampata nani, na watoto wa shule pamoja na watu wazima wasio na haya wanazikusanya na kupambana nazo. Neema anachora. Mimi napima: kadi ipi ina nguvu mno, ipi haifai hata kufungia karanga. Maana mchezo ukiwa na kadi moja isiyoshindika, watu wanaucheza wiki moja kisha wanautupa, na wana haki.

Seti mpya tumeiita Waliotangulia. Ina kadi thelathini, zote za wafu na mizuka, na kesho asubuhi inakwenda kwa mchapaji, Barabara ya Kumi na Mbili. Ishirini na tisa nimezipitisha.

Moja ilinishinda.

Inaitwa Binamu Marehemu. Ni mtu amelala ndani ya sanda, puani amezibwa pamba, lakini jicho moja liko wazi na anakonyeza. Uso ni wa Abuu. Neema alimchora kutoka kwenye picha ya simu yangu na alimpatia mno, mpaka ile pua yake iliyopinda.

Abuu ni mtoto wa shangazi yangu, na kwetu binamu ni mtani. Unamtukana mbele za watu, unampokonya sahani, unamwambia wewe ulishakufa zamani, unatembea kwa ukaidi tu, na haruhusiwi kununa. Kwa hiyo tulipokuwa tunatafuta wafu wa kujaza seti, nikamwambia Neema amtie Abuu. Wakati huo mzima kabisa, ana afya kunishinda! Nilipomwonyesha alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Kisha akaja juu, ati kadi dhaifu. "Yaani nife halafu basi? Mtu kama mimi? Niandikie kurudi bwana." Nikamwandikia, huku machozi ya kicheko yananitoka: akipelekwa kaburini, lile rundo la kadi zilizouawa, zamu inayofuata anarudi mkononi mwa mwenye kadi.

Wiki mbili baadaye homa ilimshika Jumanne. Ijumaa tukamzika.

Kauli huumba. Neno hili nimelisikia toka nikiwa mdogo, kila tulipojiapiza ovyo tulipigwa kibao cha mdomo nalo. Sasa niambie wewe unayesoma: mtu aliyemvika binamu yake sanda kwa mkono wake, kwa karatasi na rangi, ataliwekaje neno hilo moyoni?

Wiki nzima mimi na Neema tumeipima hiyo kadi. Ikiwa kwake, anashinda yeye. Ikiwa kwangu, nashinda mimi. Mechi kumi na mbili, aliyempata Abuu ameshinda kumi na moja, na ile moja Neema alisahau kumrudisha. Unamuua, anarudi. Unamuua tena, huyo hapo, anakukonyeza. Neema aliniangalia kwa upole akasema, "Seif, huyu lazima apunguzwe." Nikasema nitafikiri. Nikafikiria siku nne bila kufikiri chochote.

Na kuna hili ambalo sikumwambia hata Neema. Jana asubuhi nilichanga kadi peke yangu hapa mezani, nikagawa tano. Yumo. Nikachanga upya, nikagawa. Yumo. Mara tano mfululizo, jamani. Kupima kadi ndiyo kazi yangu, najua mambo kama hayo hutokea na hayana maana yoyote. Mara ya sita sikufunua. Niliziacha zimelala kifudifudi, nikaenda uani kuteka maji ambayo sikuyahitaji.

Dawa ya kadi yenyewe naijua. Nilishampunguzia nguvu kutoka nne hadi mbili, na bado anashinda, kwa sababu tatizo si nguvu, tatizo ni kurudi. Basi futa kurudi, kazi imekwisha. Kalamu ikanigoma. Mkono ule ule uliomvika sanda ndio umwandikie tena kwamba harudi? Sikuweza. Wallahi sikuweza.

Ndiyo nikachukua baiskeli leo asubuhi na mvua yote ile, nikaenda Nguvumali kwa Shangazi. Nilikwenda kuungama na kuomba radhi. Nilijiambia akinilaani nitajua pa kuanzia.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitupia kanga nijifute kichwa. Nikaiweka kadi mkekani mbele yake na kumweleza yote: sanda, kicheko, homa. Aliiokota, akaisogeza karibu na macho. Mimi nilikuwa naangalia vidole vya miguu yangu.

"Pua ndiyo yake," akasema.

Akairudisha mkekani.

"Kumbe hiki ndicho kilichokuweka kule nyuma siku ile ya mazishi, umesimama kama mtu wa kusoma mita? Utani hauui mtu, baba. Mwanangu kauawa na homa. Mimi nilichokushikia ni kingine."

Akanieleza nilichomkosea, polepole, bila ukali, na afadhali angefoka. Siku ya mazishi mtani ana kazi yake. Anavaa kofia ya marehemu, anaiga mwendo wake, anamsema vibaya mbele ya waliaji, analala mlangoni jeneza lisipite mpaka abembelezwe. Watu wanacheka katikati ya kilio, mama mtu anapata pumzi. Nimeona hayo tangu utoto. Na mimi ndiye niliyekuwa mtani wa Abuu wa karibu kuliko wote pale, na sikufanya hata moja. Nilisimama nyuma ya watu, na ile kadi mfukoni mwa shati, nikidhani kimya changu ni heshima.

"Mwanangu alitoka humu ndani kimyakimya," Shangazi akasema, "kama mpangaji."

Sijawahi kuambiwa neno zito kama hilo.

Aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na kofia ya Abuu. Akanipa. "Haya, fanya." Nikasema Shangazi, siku zimeshapita. Akasema hajaniuliza siku.

Basi nikavaa. Nilianza vibaya. Nikaiga mwendo wake, ule wa kutupa mguu wa kushoto kama anafukuza kuku. Nikamwita mvivu, mlafi, mtu aliyeshindwa kuoa kwa sababu kila posa alikula nauli. Nikamwambia hata kufa kakufa Ijumaa ili azikwe na watu wengi, kwa kupenda sifa. Kisha nikalala mlangoni, na maji ya mvua yanaingia mgongoni, nikasema sitoki hapa mpaka nibembelezwe. Shangazi alicheka. Alicheka akajipiga mapaja, akasema, "Mlafi kweli, Mungu amrehemu!" halafu kicheko kikageuka, akalia, nami nikalia pale pale sakafuni na kofia kichwani. Tulikaa hivyo mpaka tukachoka.

Baadaye, chai ikiwa mkononi, akaiokota tena ile kadi. Akataka kujua anafanya nini hasa huyu humo mchezoni. Nikamweleza.

"Anarudi mara ngapi?"

"Kila zamu, Shangazi. Hachoki. Ndiyo maana mchezo unaharibika, hakuna mwingine anayepata nafasi."

Akaifikiria, akaifikiria kwelikweli, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Kila zamu ni nyingi," akasema. "Mwandikie mara moja. Mimi nina neno moja tu la kumwambia."

Sikumuuliza ni neno gani. Nilimaliza chai yangu, nikamuaga.

Nikapitia kwa Neema, Makorora, alikuwa ndiyo kwanza ametoka kanisani na daftari la kwaya bado liko kwapani. Tukakaa, nguvu nikamrudishia zile nne, tukacheza mechi sita kwa kanuni mpya. Aliyempata Abuu alishinda tatu, akashindwa tatu. Sasa unapomtuma kaburini mara ya kwanza unafikiri, unapomrudisha unafikiri zaidi, kwa kuwa ukishamtumia ndiyo basi. Neema aliinua kichwa akasema hii sasa ndiyo kadi nzuri kuliko zote katika seti, akaniuliza nimeipataje mizani. Nikamwambia si mimi, ni Shangazi. Akachukua kalamu, akaandika yeye mwenyewe chini ya ile sanda: hurudi mara moja.

Kwa hiyo kazi imekwisha. Kesho zinakwenda kuchapwa zote thelathini.

Ila toka nimefika nyumbani najiuliza jambo moja, na nimeshindwa kukaa nalo peke yangu ndiyo maana naandika. Je, angepewa kweli hiyo mara moja, akapita mlangoni hapa, mimi ningemwambia nini? Mtu mwenye akili angemwomba msamaha. Nimejaribu kuyapanga maneno hayo na yote yanakuja mafupi, angeyapokea na kuondoka zake. Mimi najijua. Ningemtukana, matusi marefu yasiyokwisha, ili akae ajibu.