Mgeni wa Maskati Kwenye Blogu Yangu

Mjukuu wangu Rukia, assalamu alaykum. Hapa Wiyoni sote wazima, na mamako ameanza kushona tena.

Waniuliza kwa nini zamani niliwaandikia watu nisiowajua. Nilikuwa na blogu ya maneno ya Kiamu, lahaja yetu ya hapa Amu, yaani Lamu. Siku moja mwanamke wa Maskati akabisha hodi: "Marehemu mama, mtu wa Amu, akikata roho alisema, 'Ndoo, ndoo.' Nikamletea ndoo ya maji, akaisukuma. Alitaka nini?"

Nikamjibu, "Kwetu, ndoo ni njoo. Alikuwa akikuita wewe."

Akaandika, akitumia neno letu la nchi, "Basi nitakuja niione nti yake."

Wenye mtandao wakaifunga blogu kabla sijamjua jina. Hadi leo, nikimwona mwanamke mgeni gatini, hutamani kumuuliza atokako.

Mola akutunze huko uliko.

Bibi yako, Mwanaisha